BEI YA UCHAPAJI: NANI ALIYEACHWA NJE YA HESABU?

Hakuna askari asiyeijua risiti. Mwanajeshi huipokea anapotia akiba yake katika chama cha ushirika. Polisi huitafuta pale jalada linapofunguliwa juu ya fedha za watu zilizopotea, na siku ya kesi huitoa mbele ya hakimu iwe kielelezo. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza karatasi hiyo ilichapwa wapi, kwa bei gani, na kama aliyeichapa alibakiwa na chochote baada ya kuimaliza kazi. Katika makala haya tumekusudia kulichambua jambo hilo, kwa kuwa vyama, shule, vituo na vikosi vya mashariki mwa Uganda hununua kazi za uchapaji mwaka mzima, na kwa maoni yetu wengi wao huzinunua bila kujua ni nini hasa wanachokilipia.

Tumeichagua miji ya Jinja na Mbale kwa sababu iliyo wazi. Jinja ni mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Unayo kambi ya Gaddafi na chuo cha maafisa wa jeshi pale Kimaka. Mbale ni mji wa kahawa na wa shule. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa huko mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafungua milango yake mwaka 1988, na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu unapozinduliwa katika uwanja wa Mutoto, kuta za mji hujaa mabango. Kahawa haipokelewi bila stakabadhi, mtihani haufanywi bila karatasi, na chama cha akiba hakiaminiki bila kitabu. Kazi ipo. Linalotusumbua ni kwamba palipo na kazi nyingi namna hii wachapaji wadogo hufunga maduka yao mwaka hadi mwaka, na wateja wao hulalamika kwamba kazi waliyopewa ni mbovu. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni hesabu ya gharama iliyofanywa nusu.

KARATASI INAYOPITA MLANGONI

Uganda haina bandari ya baharini. Karatasi nyingi za kuchapia hushushwa Mombasa na kuletwa kwa malori kupitia Malaba au Busia. Hapo pana jambo la kustaajabisha kidogo. Lori lililokwisha kuvuka mpaka pale Malaba liko karibu zaidi na Mbale kuliko Kampala. Lakini hushika barabara kuu, likapita Iganga, likavuka mto Nile pale Jinja kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, na kwenda kushusha mzigo kwa wafanyabiashara wa jumla wa Kampala. Mchapaji wa Jinja huweza kuiona shehena hiyo ikipita mbele ya macho yake. Kesho yake yeye mwenyewe hupanda basi kwenda Barabara ya Nasser au ya Nkrumah, akanunua rimu chache kwa fedha taslimu, na kuzirudisha juu ya buti la gari kwa njia ile ile. Wa Mbale huirudisha mbali zaidi, kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Kwa hiyo karatasi hiyo imesafirishwa mara mbili katika ardhi ya mashariki, na mchapaji wa mashariki amezilipa safari zote mbili. Moja imefichwa ndani ya bei ya jumla, nyingine imetoka mfukoni mwake.

Jinja iliwahi kuwa na kiwanda chake cha karatasi, Papco. Lakini viwanda vingi vya mji huo vilidhoofika baada ya mwaka 1972, vipuri na fedha za kigeni vilipoadimika. Hivi leo bei ya karatasi ya Uganda hufuata dola, meli na dizeli. Mwaka 2021 na 2022 bei hiyo ilipanda sana duniani kote, kwanza kwa kuwa ugonjwa wa korona ulikuwa umevuruga viwanda na usafiri wa baharini, kisha kwa sababu ya vita vya Ukraine vilivyopandisha gharama za nishati. Mchapaji aliyekuwa na rimu kumi za zamani stoo, akazitumia kwa kazi mpya kwa bei aliyozinunulia, alidhani amepata faida. Aliporudi Kampala, fedha alizolipwa hazikutosha kununua rimu kumi nyingine. Wazee wanaokumbuka Mei 1987, wakati serikali ilipobadilisha sarafu, ikaondoa sifuri mbili na kukata asilimia 30, watatuelewa upesi: katika nchi ambayo bei hazitulii, karatasi iliyo stoo huhesabiwa kwa bei ya kuinunua tena, wala si kwa bei iliyoandikwa katika hati ya zamani.

MFANO WA VITABU 400

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni, na bei tutakazozitaja tumezikadiria kwa ajili ya somo hili tu. Msomaji anaweza kuweka za kwake. Chama cha akiba kinahitaji vitabu 400 vya risiti, vya ukubwa wa A5. Kila kitabu kina seti 50, na kila seti ina karatasi mbili, nyeupe ya mteja na ya manjano ibakiayo kitabuni, nazo zina namba moja inayofuatana tangu 1 hadi 20,000.

Hizo ni karatasi ndogo 40,000. Mashine ya kawaida ya miji yetu, mathalani Heidelberg GTO iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, huchapa karatasi ya A3 bila taabu, na A3 moja hutoa A5 nne. Basi zinahitajika A3 10,000. Karatasi kubwa ya A1 hukatwa A3 nne, kwa hiyo tunahitaji A1 2,500, yaani rimu tano. Tukikadiria rimu moja kwa shilingi 120,000, karatasi ni 600,000. Mabamba mawili ya kuchapia, ambayo mafundi huyaita pleti, ni 40,000. Wino na dawa za kusafishia ni 60,000. Majalada, gundi na pini ni 80,000. Jumla ni shilingi 780,000.

Hapa ndipo wachapaji wengi huweka kalamu chini. Mwenye duka huangalia 780,000, huongeza 300,000 ambazo huziita faida yake, na kumwambia mteja 1,080,000, yaani shilingi 2,700 kwa kitabu. Kamati ya chama huona bei hiyo ndiyo ya chini kuliko zote, hufurahi, na kutia sahihi.

Hesabu hiyo ina matundu, na la kwanza ni dogo. Hakuna mashine inayochapa vizuri tangu karatasi ya kwanza. Fundi hupoteza karatasi kadhaa akisawazisha wino na maji. Hupoteza nyingine namba zinapopigwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zilizo ndani ya mashine huwa zimekwenda. Tukitenga sehemu moja ya kumi ya karatasi, ni rimu nusu, shilingi 60,000. Aidha, yupo aliyepanga maneno na kuchora nembo, akachapa sampuli mara mbili kwa kuwa mwenyekiti alitaka jina lake liwe kubwa zaidi: 50,000. Kukata, kupanga seti 20,000 moja baada ya nyingine na kuzibana ni kazi ya vibarua watatu kwa siku tatu, kwa 15,000 kila mmoja kwa siku: 135,000. Nauli ya karatasi kutoka Kampala na kupeleka vitabu kwa mteja: 70,000.

Yote hayo huonekana kwa macho, na mtu makini angeyakumbuka. Tundu kubwa liko kwenye mashine yenyewe.

SAA YA MASHINE

Saa moja ya mashine inagharimu nini? Swali hili tumewahi kuwauliza watu wa kazi hiyo, na jibu la mara nyingi ni la umeme peke yake. Kumbe umeme ni sehemu ndogo. Tuseme mashine ilinunuliwa kwa shilingi milioni 48, nayo itafanya kazi miaka minane kabla ya kuchakaa kabisa. Kila mwaka inakula milioni sita za thamani yake, hata kama hakuna anayeziona zikitoka. Pango la nyumba ni milioni sita. Umeme ni milioni 3.6. Matengenezo na vipuri ni milioni 2.4. Mshahara wa mpiga chapa ni milioni 9.6 na wa msaidizi wake milioni 4.8. Leseni, mlinzi na bima ni milioni 1.6. Jumla ya mwaka ni milioni 34.

Kuhusu bima tungependa kusimama kidogo. Wapo watakaosema kwamba ni anasa ya watu wa Kampala. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika Mbale baada ya mvua ya usiku mmoja. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha yao, na maji yaliingia majumbani na madukani. Karatasi iliyolowa haikaushwi ikachapwa. Duka lililo katika bonde la mito hiyo bila bima linacheza kamari, na kamari nayo ni gharama.

Tuendelee. Ukizigawa zile milioni 34 kwa saa za mwaka, yaani siku 300 kwa saa nane kila siku, ambazo ni saa 2,400, utapata kama shilingi 14,200 kwa saa. Hesabu hiyo ni safi kabisa, na si ya kweli. Mashine haichapi saa 2,400. Inasubiri karatasi itoke Kampala. Inasubiri mteja arudishe sampuli. Inasubiri fundi atoke Jinja kwenda Mbale na kipuri. Januari inalala kwa kuwa shule hazijafunguliwa. Inasubiri umeme pia. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umekuwa mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika, lakini mkataba wa nani si hoja kwa mashine iliyosimama. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo, kwamba mtu anaweza kuketi gizani Jinja huku akisikia maji ya Nile. Mchapaji akiandika kwa uaminifu katika daftari saa zile tu ambazo mashine ilichapa kazi iliyolipiwa, yamkini atapata 1,000 kwa mwaka. Gawa tena milioni 34. Saa moja ni shilingi 34,000.

Pango na mshahara havikuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya saa zinazoubeba mzigo. Askari anayejua kwamba gharama ya gari la kikosi haipimwi kwa mafuta ya siku linapotembea pekee, bali pia kwa siku zote linapokaa gereji, hatapata shida kulielewa neno hili.

Kazi yetu ya vitabu 400 inahitaji A3 10,000 zipite mara mbili, maneno kwanza kisha namba. Kwa mwendo wa karatasi 4,000 kwa saa ni saa tano, na kutayarisha mashine ni saa tatu. Saa nane kwa 34,000 ni shilingi 272,000. Sasa tukusanye: vifaa pamoja na karatasi za kuharibika 840,000, kupanga maneno 50,000, mashine 272,000, umaliziaji 135,000, usafirishaji 70,000. Gharama kamili ni shilingi 1,367,000, na hapo mwenye duka hajapata faida hata ya senti. Yule aliyekubali 1,080,000 hakupata zile 300,000 alizojihesabia. Amepoteza 287,000, na bado hajui.

Atajua lini? Hilo ndilo jambo la hatari. Hatajua mwezi huu, maana fedha anazo mkononi. Wala mwezi ujao. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye mpiga chapa, na hajilipi mshahara. Anakula kutoka katika kisanduku cha duka na kudhani anakula faida, kumbe anaila mashine. Miaka sita baadaye mipira inapokwisha na meno ya gia yanaposagika, hana akiba ya kununua nyingine. Watu wa mtaani husema biashara imerogwa.

KODI NA MALIPO YANAYOCHELEWA

Tuseme mchapaji wetu ameelimika, akataka shilingi 1,500,000. Faida yake ni 133,000, isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya gharama. Kama ameandikishwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, lazima aongeze 270,000, na bei ipandayo mezani pa mteja ni 1,770,000. Jirani yake asiyeandikishwa haongezi kitu. Kamati ikilinganisha bei hizo mbili bila kuuliza kodi imo au haimo, imekwisha kukosea kabla kikao hakijaanza.

Tena ofisi ya serikali inapolipa zaidi ya shilingi milioni moja hukata asilimia 6 na kuipeleka moja kwa moja kwa mamlaka ya mapato. Kwa kazi hii ni 90,000. Fedha hizo hazikupotea. Mchapaji atazidai katika hesabu yake ya kodi ya mapato. Lakini leo hazimo mkononi, nazo zinakaribia kuwa sawa na faida yake yote.

Baya kuliko yote ni kuchelewa. Malimbikizo ya madeni ya ndani ya serikali ya Uganda huhesabiwa kwa matrilioni ya shilingi, na katika safu hiyo ndefu ya wadai wamo wachapaji wadogo. Ikiwa mtu huyu alikopa milioni moja ili anunue karatasi na kulipa vibarua, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na hati yake ikalipwa baada ya miezi sita, riba ni 120,000. Katika faida ya 133,000 zinabaki 13,000. Hazinunui hata pleti moja kwa bei tuliyoiweka.

Ndiyo maana ofisi inayojulikana kwa kuchelewesha malipo hutajiwa bei kubwa zaidi, na wakubwa wake hudhani wanaibiwa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003 inataka ushindani na thamani ya fedha. Mlipaji anayechelewa ameipandisha bei yake mwenyewe, na hakuna zabuni itakayoishusha.

HUSUSAN KWA POLISI

Msomaji aweza kusema: hasara ya mchapaji ni yake, sisi tumepata vitabu kwa 2,700. Hapana. Mtu aliyekubali kazi kwa bei isiyotosha ana njia chache za kujiokoa, na zote zinamwangukia mteja. Atatumia karatasi nyepesi, na ile ya manjano itapokea maandishi hafifu yatakayofutika kabla ya mwaka kwisha. Ataweka seti 45 katika kitabu badala ya 50, akijua hakuna atakayehesabu. Hatamlipa kibarua, naye kibarua atajilipa kwa njia anayoijua.

Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa. Zile karatasi zilizoharibika, tulizozitengea rimu nusu, nyingine hazikuharibika sana. Zina nembo ya chama, zina mstari wa sahihi, na baadhi yake zimekwisha kupigwa namba. Mahali ambapo mchapaji hakuhesabu gharama ya kuzisimamia, hulala kwenye pembe ya chumba, na hatimaye hutoka kwa mlango wa nyuma. Barabara ya Nasser, ambako watu wengi hufanya kazi ya halali, imepata sifa mbaya kwa vyeti na mihuri ya kughushi, na polisi wamefanya misako huko mara nyingi. Lakini mwizi wa fedha za chama hahitaji mghushi hodari ikiwa risiti halisi zimo ndani ya pipa la taka.

Hali kadhalika namba. Kipiga namba kilichochakaa hukwama. Namba moja hupigwa mara mbili, na inayofuata hurukwa. Fundi mwenye muda husimamisha mashine, hurekebisha na kuchapa upya. Fundi ambaye saa yake haikulipiwa huendelea. Baada ya miaka miwili mhazini anashtakiwa kwa wizi, mpelelezi ameleta vitabu vyote mahakamani, na wakili wa utetezi hana haja ya kubishana sana. Anainua risiti mbili zenye namba moja na kumwuliza shahidi ipi ni ya kweli. Miezi ya upelelezi, nauli za mashahidi, na fedha za wajane na askari wastaafu waliokuwa wameziweka akiba, vyote vimeanguka kwa sababu ya kipiga namba.

Kuzuia hayo kunagharimu kiasi gani? Mtu mmoja anayekaa kando ya mashine siku nzima, akahesabu zilizoharibika, akazichoma mbele ya mwakilishi wa mteja na kuandika hati yenye namba ya kwanza na ya mwisho, tumlipe 20,000. Risiti ni 20,000. Ni shilingi moja kwa kila risiti.

WINGI NA UHABA

Limebaki neno juu ya idadi. Baadhi ya gharama za uchapaji hazijali unachapa nakala ngapi: kupanga maneno, pleti, kutayarisha mashine. Tuziweke kuwa 150,000. Ukichapa fomu 500, kila fomu inabeba shilingi 300 za matayarisho hayo. Ukichapa 20,000, inabeba saba na nusu. Kwa hiyo ofisi inayoagiza kidogo kidogo kila fomu zinapokwisha hununua matayarisho yale yale mara kumi.

Na zinapokwisha kabisa, gharama haikatiki, bali huhamia kwa mwingine. Mama aliyepigwa usiku anahitaji Fomu ya Polisi namba 3 ili daktari aijaze. Kituo kikiwa hakina fomu, mtu humwelekeza kwenye duka la fotokopi lililo ng'ambo ya barabara, naye huilipa nakala moja kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ambayo ingelipwa kiwandani. Kama hana fedha hizo, hurudi nyumbani, na kesi haifunguliwi. Polisi wenyewe wametangaza mara nyingi, hata kwa mabango katika vituo, kwamba dhamana ya polisi ni bure. Tunaliunga mkono tangazo hilo kwa moyo wote, nasi tunaongeza kwamba huduma ya bure inayotegemea karatasi huhitaji mtu fulani awe ameilipia karatasi mapema, kwa idadi inayotosha, tena kwa bei ambayo mchapaji ataweza kuileta kwa wakati.

Hatusemi kila ofisi ijaze bohari. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji, na siku hiyo karatasi yoyote ya barua iliyobaki na neno Manispaa kichwani iligeuka kuwa ya kuandikia upande wa nyuma. Vivyo hivyo lugha. Kiswahili kilitiwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitumia zaidi. Fomu za umma zitakapoandikwa kwa lugha mbili, kurasa zitaongezeka, na aliyechapa akiba ya miaka mitano kwa lugha moja atajuta. Kwetu sisi, akiba ya mwaka mmoja kwa fomu zisizobadilika na ya miezi mitatu kwa zile zenye majina na vyeo ndiyo inayoelekea kuwa ya busara. Mhazini wa kikosi anaweza kuona vingine kwa kuwa anajua matumizi yake kuliko sisi.

Kamati ya chama itakapokaa tena, Jinja au Mbale, na bei tatu ziko mezani, isiulize tu ipi ni ya chini. Iulize karatasi ni ya gramu ngapi na itahesabiwa na nani. Iulize kodi imo au haimo. Iseme bayana fedha zitalipwa siku gani, na iishike siku hiyo. Halafu imwulize kila mchapaji ametenga karatasi ngapi za kuharibika na zitakwenda wapi baada ya kazi. Atakayejibu kwamba kwake hakuna karatasi inayoharibika, arudishiwe bahasha yake.